Mapolo manne ya mboji na kicheko cha muuzaji

Sijui nianze na mboji au na yule kijana aliyeniuzia. Bora kijana, maana mboji imeshapoa, mie bado.

Kwetu Jambiani, pwani ya Unguja, ardhi ni maweni. Ukipiga jembe linalia ngo, na udongo unaoupata haujazi hata sinia. Nilipoingiwa na hamu ya kupanda mboga, mwanzo wa masika, nikaona nisijitaabishe. Nikenda duka moja la pembejeo mjini, nikataka mapolo, yaani magunia, manne ya mboji. Nikamuuliza kijana, imeiva hii? Macho yake yapo kwenye simu: "Imeiva, mama, kapande." Nikalipa, nikalipa na gari, na gari lenyewe nusura lipite bei ya mzigo.

Nikapanga mawe, nikamwaga mboji, nikahamishia miche ya tungule (nyanya) na mabilingani niliyoiotesha kwenye makopo ya maziwa. Siku ya tatu ncha za majani zimekauka kama zimepitiwa na moto. Nikadhani kiu. Nikamwagia maji asubuhi, nikamwagia jioni, na miche ikazidi kunyong'onyea. Mzee jirani akapita, akachomeka mkono ndani ya tuta, akautoa mbio.

"Mwanangu, umepanda jikoni!"

Nikachomeka wangu. Moto kweli, na harufu ya mkojo wa ng'ombe ikanipanda puani. Mboji iliyoiva hunuka udongo uliopata mvua, hii ilinuka zizi. Samadi mbichi, haijaiva, ndiyo niliyouziwa kwa bei ya mboji.

Sasa njooni kwenye polo la nne. Nilipolipasua nilipiga yowe mpaka watoto wakatoka mbio: mafunza meupe, manene kama kidole gumba, yamejikunja, vichwa vya kahawia. Mzee akacheka kidogo tu, kisha akanyamaza. "Hao watoto wa chonga." Kwa asiyemjua, chonga ni yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi. Hutaga kwenye magogo ya minazi yaliyooza na kwenye majaa ya samadi. Na mie nna minazi mitatu nyuma ya nyumba, urithi wa bibi yangu. Adui nimemnunua, nikampandisha gari, nikamshusha mlangoni!

Nikayatia mafunza kwenye kopo, nikarudi dukani. Kijana akachungulia, akawaita na wenzake waje waone. "Mama, hao nimekupa bure, sikukutoza." Wakacheka wote. Halafu, mkono unapepea hewani kama anafukuza nzi: "Kama huwezi shamba, tungule zipo sokoni Darajani." Mtu wa umri wa mwanangu wa mwisho! Wala pole hakunipa. Angenipa pole haya yote nisingeyaandika.

Lakini niseme haki. Mzee alinishika mkono: toa yote, irundike kivulini, changanya na machicha ya nazi na majani makavu, ilowe isirowe sana, igeuze kila wiki. Kuku wangu walisimama pembeni kila ninapogeuza, na funza hata mmoja hakuwaponyoka. Kipupwe kilipoingia ile samadi ilikuwa nyeusi, laini, huwezi kujua ilitoka wapi. Mchicha niliopanda humo, nyie, majirani wanaomba. Bamia ziliingiliwa na vidukari. Nikawapulizia maji ya majani ya mwarobaini na sabuni, nusu wakafa, nusu wapo. Tungule nimevuna sita, na mbili zina kiwavi ndani. Habari za hizo tuziache.

Nilikaa niandike msinunue pale kabisa. Sasa naona mali yao si mbaya, mradi ujue unanunua samadi na uiivishe mwenyewe. Lakini kwa nini kazi ya kuivisha nifanye mie, na malipo ya iliyoiva ale yeye? La, msinunue. Au nunueni, lakini pasueni polo palepale mbele yake, aone.

Juzi nimemtuma mwanangu mkubwa aniletee mapolo mawili mengine. Nimemkataza asiseme katumwa na nani.