Tamasha la chakula na ramu Barbados: tuliyokula, na pesa ilikokwenda

Kwa mwenye haraka niseme mapema: ukienda Barbados, kisiwa cha Karibi, mwezi wa Oktoba kwa ajili ya tamasha la chakula, pesa yako ielekeze Oistins, kwa wavuvi, na kwenye ramu, pombe ya miwa. Mvinyo uache.

Mimi ni mpishi, mzaliwa wa Tanga. Miaka hii niko Toronto, napika kwenye jiko la nyumba ya kutunzia wazee. Dada yangu ndiye aliyenitia hamu ya safari. Toronto kuna ndege ya moja kwa moja hadi Bridgetown, na likizo yangu ilikuwa inakaribia kuisha bila kutumika. Tukafunga mizigo.

Tamasha lilianza mwaka 2010, na zamani mvinyo ulikuwemo hata kwenye jina lake. Sasa linaitwa Barbados Food and Rum Festival, mvinyo umetolewa, na kwa niliyoyaonja naona walifanya la haki. Kisiwa hiki kina kilomita za mraba 430 tu na kimelimwa miwa kwa karne nyingi. Ramu inatengenezwa palepale kisiwani, lakini chupa ya mvinyo unayowekewa mezani imevuka bahari kama ulivyovuka wewe.

Jambo la kujua kabla ya kulipa: matukio mengi yana tiketi yake. Sisi tulichagua usiku wa Oistins, kisha tukajiongezea chakula cha jioni cha mvinyo kwenye hoteli moja ya pwani ya magharibi. Hicho hakikuwa kwenye ratiba ya tamasha, ila kilifanyika wiki hiyo hiyo. Nianze nacho nimalizane nacho. Jina la hoteli nalihifadhi.

Tulilipa pesa nyingi. Meza zilipangwa mchangani, mishumaa ikawashwa, mandhari yalikuwa mazuri kweli. Lakini mvinyo mwekundu uliletwa ukiwa na joto la hewa ya nje, nayo usiku ule ilikuwa nzito kama ya Tanga mwezi wa Februari. Mvinyo ukipata joto hivyo, pombe inatangulia puani na ladha nyingine yote inafichika. Samaki tuliyewekewa alikuwa salmoni. Salmoni! Tumekaa hatua kumi kutoka baharini, tunalishwa samaki wa nchi za baridi aliyekuja kwenye barafu, tena ninayempika kila wiki huko Toronto. Nilimuuliza mhudumu kwa heshima kama kuna chochote cha kisiwani kwenye orodha. Akanijibu kwamba wageni wao hupenda vyakula wanavyovijua. Kijana wa watu hakuwa na kosa, ila jibu lile liliniuma. Nimepika miaka mingi, na najua mgeni anaweza kufundishwa kula.

Oistins ni habari nyingine kabisa. Ni mji wa wavuvi upande wa kusini, katika wilaya ya Christ Church, na hata bila tamasha watu hujaa pale kila Ijumaa usiku kula samaki. Tulikwenda kwa ZR, vile vibasi vyeupe vyenye mstari mwekundu uliokolea. Aliyepanda daladala au matatu hahitaji maelezo: muziki juu, konda anakubana mpaka mtu wa mwisho apate pa kukaa, na nauli ni dola 3.50 za kwao, sawa na dola 1.75 za Marekani. Dada yangu alicheka njia nzima kwa furaha ya kujiona yuko nyumbani.

Palikuwa na jodari wa kuchoma, na viazi vitamu. Palikuwa na shelisheli pia, na hapo nilisimama kidogo. Kwetu shelisheli tunalipika kwa tui. Wao wanalichoma zima juu ya moto mpaka ganda liwe jeusi, wanalipasua, wanalijaza samaki wa chumvi. Lile tunda lililetwa visiwa vya Karibi mwaka 1793 na nahodha Bligh wa Uingereza, ili liwe chakula rahisi cha watumwa. Leo wajukuu wa wale watumwa wanalichoma kwa mapenzi na kuliuza kwa fahari. Kuna pia pilipili yao ya njano: pilipili kali za jamii ya pilipili mbuzi, zimesagwa na haradali na bizari ya manjano. Tone moja tu. Usifanye ushujaa.

Kilichonivuta kuliko vyote ni cou-cou. Chakula cha taifa cha Barbados ni cou-cou na samaki panzi, yule anayeruka juu ya maji kwa mapezi. Cou-cou ni unga wa mahindi uliosongwa pamoja na bamia. Nilipomwona mama mmoja wa makamo anausonga kwenye sufuria kubwa, miguu yangu ilinipeleka yenyewe. Nikamwambia kwetu tuna ndugu yake, anaitwa ugali. Akanitazama, akauliza, "Na bamia mnaweka?" Nikasema bamia huwa pembeni, kwenye mboga. Akatikisa kichwa kwa huruma.

Nilisimama pale zaidi ya nusu saa, naye hakuchoka kunieleza. Unga analoweka kwanza kwenye maji baridi, hautupi kwenye maji yanayochemka kama sisi. Bamia anazikata vipande vidogo, anazichemsha na kitunguu, kisha yale maji yake yenye utelezi anayachuja na kuyaweka kando. Hayo ndiyo siri. Anaongeza upawa mmoja, anasonga mpaka unga unywe wote, ndipo anaongeza mwingine. Mwiko wake ni bapa na mwembamba, kama kasia dogo. Mwisho anarudishia bamia, anapaka siagi kwenye bakuli, anatia cou-cou, anazungusha bakuli mpaka iwe duara, anaipindua kwenye sahani na kubonyeza shimo katikati kwa ajili ya mchuzi. Akanipa mwiko nijaribu. Nikasonga kwa nguvu za ugali wa sembe, akanishika mkono: "Taratibu, mwanangu. Hupigani nayo."

Ukiila ni laini kuliko ugali, inateleza kooni, na inabeba mchuzi vizuri ajabu. Samaki alikunjwa, ametiwa majani ya kukolezea na ndimu, akapikwa na nyanya na vitunguu. Hakuna hata mwiba mmoja! Panzi ana miiba mingi myembamba kama nywele, na kumtoa miiba yote bila kumchana ni kazi inayoheshimika sana pale.

Lakini nilionja kitu, na nikauliza. Yule mama hakunificha: panzi huvuliwa kuanzia Desemba hadi karibu na Juni, kwa hiyo wa Oktoba ametoka kwenye friza. Nampa heshima kubwa kwa kusema ukweli. Aliongeza kwamba hata msimuni siku hizi wavuvi wanahangaika. Mwani wa sargassum unafika kwa marundo tangu mwaka 2011, na Julai 2024 kimbunga Beryl kiliharibu mashua nyingi sana za uvuvi. Baada ya kuyasikia hayo nilikula pole pole.

Ramu ninywayo ni kidogo, lakini pale niliionja kwa makini. Hati ya zamani ya kiwanda cha Mount Gay ni ya mwaka 1703, na joto la kisiwani linaivisha ramu kwenye pipa haraka kuliko nchi za baridi. Ile iliyokaa miaka kwenye pipa ilinukia vanila na ganda la chungwa, na ilikaa vizuri na samaki wa chumvi kuliko mvinyo wowote wa jioni ile ya hotelini.

Niliondoka na mwiko wa cou-cou kwenye begi. Nitakachofanya tofauti ni wakati wa kwenda. Oistins wana tamasha jingine la samaki sikukuu ya Pasaka, na Pasaka huangukia ndani ya msimu wa panzi. Huko watu hushindana hadharani kutoa miiba ya samaki. Dada yangu ameshalipia tiketi za ndege za mwaka ujao, na mimi nimeshaomba ruhusa kazini.