Vitu vya Kuchezea vya Kuamsha na Kutuliza Fahamu za Mtoto: Kipi Kitangulie kwa Mnunuzi wa Unguja na Pemba

Sikukuu zinapokaribia, meza za vitu vya kuchezea hujaa kuanzia Darajani hadi Mchangani, na muuzaji mzoefu huwasha taa na kelele za kitu anachokiuza kabla mzazi hajauliza bei. Mwongozo huu unapanga daraja kwa kigezo kingine kabisa, nacho ni nani anayeongoza kasi ya mchezo, mtoto au kitu chenyewe. Mtoto anayemimina, anayefinya au anayetikisa kwa mkono wake huongeza mwendo anapotaka kuchangamka na kuupunguza anapotaka kutulia, kwa hiyo kitu kimoja humfaa katika hali zote mbili. Kitu kinachojiendesha kwa betri humlazimisha kufuata kasi iliyowekwa kiwandani.

Tumezoea kuhesabu milango mitano ya fahamu, lakini kwa mnunuzi iko mingine miwili yenye uzito zaidi: sikio la ndani, ambalo huupa mwili taarifa za mwendo na mizani, na misuli pamoja na viungo, ambavyo hueleza mkono uko wapi na unatumia nguvu kiasi gani. Mtaalamu wa Marekani A. Jean Ayres ndiye aliyetilia mkazo mambo hayo, pamoja na mguso, alipochunguza namna ubongo wa mtoto unavyopanga taarifa za mwili. Kwa kawaida mgandamizo wa kutosha na mwendo wa polepole unaojirudia hutuliza, ilhali mabadiliko ya ghafla huchangamsha. Pembea ile ile humlaza mtoto ikisukumwa taratibu na humtoa usingizini ikisukumwa kwa nguvu.

Nafasi ya kwanza: beseni na vyombo vya kumiminia

Kwa mtoto aliyekwisha kukaa vizuri bila kushikwa, hakuna kinachoshinda beseni pana la plastiki, kata ya kifuu, vikombe viwili vya ukubwa tofauti, chujio na sifongo. Vyote hupatikana katika maduka ya vyombo, wala si katika maduka ya watoto, na ndiyo maana bei yake ni ya kawaida hata wiki ya sikukuu. Mtazame mtoto wa miaka miwili akiwa na sifongo: huizamisha, huinyanyua kwa mikono miwili, huikamua hadi vidole vikakaza, kisha husubiri tone la mwisho lidondoke ndipo aizamishe tena. Katika kitendo hicho kimoja mna mguso, sauti, nguvu ya misuli na mrudio unaotuliza.

Mpango wa Elimu ya Awali wa Madrasa, ulioingia Zanzibar mwaka 1990 baada ya kuanzia Mombasa, umejulikana kwa kufundishia vifaa vya gharama ndogo vinavyopatikana mitaani, na mzazi hana sababu ya kuona haya kufanya hivyo nyumbani. Sharti lisilo na mjadala ni kwamba mtu mzima akae karibu muda wote, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yenye kina cha sentimita chache tu. Mchezo ukiisha maji yamwagwe papo hapo, kwani maji yaliyosahaulika uani huzaa mbu. Anayependelea mchanga auchague ulio safi na aufunike kila jioni, maana paka wa mtaani huupenda pia, na kinyesi chao huacha minyoo inayopenya kwenye ngozi.

Nafasi ya pili: udongo wa kufinyanga

Udongo wa dukani, wenye rangi nyingi na vikopo vidogo, ni mzuri ukiwa mpya, lakini hukauka haraka kifuniko kisipofungwa sawasawa. Kwa hiyo ninauweka chini ya kinyunya cha nyumbani: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi laini, kijiko kimoja au viwili vya mafuta ya kupikia, na maji ya vuguvugu yanayotiwa kidogo kidogo mpaka donge liache kunata. Manjano hukipa rangi ya kupendeza, na mbegu za mzingefuri hukifanya chekundu, ingawa vyote viwili huacha madoa kwenye nguo na mkeka, jambo ambalo bibi wa nyumba atalisema kabla yangu. Kihifadhiwe ndani ya kopo lenye mfuniko, kwenye friji, na kitupwe mara kinapobadilika harufu. Kwa sababu ya chumvi nyingi iliyomo, hakimfai mtoto ambaye bado kila kitu hukipeleka kinywani.

Nafasi ya tatu: kazi ya fundi cherehani

Hapa mnunuzi wa Zanzibar ana nafasi nzuri kuliko mnunuzi wa miji mingi mikubwa, kwa kuwa fundi cherehani yuko karibu kila mtaa na mabaki ya vitambaa anayo. Mwagizie mfuko wenye vipande vya gunia, satini, kanga na taulo, kila kimoja na mguso wake, au mpira wa matambara ulioshonwa mara mbili. Kwa mtoto mchanga, ambaye huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 na ambaye macho yake huvutwa na rangi zinazopingana vikali, kipande cha kanga ya kisutu, chenye wekundu, weusi na weupe wake, hufanya kazi ya vitabu vya picha vinavyouzwa ghali. Huko Pemba karafuu kavu zikishonwa ndani ya kijifuko madhubuti hutoa harufu kwa muda mrefu, mradi mshono hauachii, kwa sababu punje ile ni ndogo kiasi cha kumsakama mtoto. Mafuta ya karafuu ni jambo jingine kabisa: yana sumu kwa mtoto akiyanywa, na yasiwekwe anapoweza kuyafikia.

Kuhusu kujazia, sufi ni laini lakini hunyonya unyevu, na wakati wa masika huota ukungu ndani bila kuonekana. Agiza mfuniko unaovulika ufuliwe na kuanikwa juani. Mifuko mizito ya mchele au kunde, ambayo huwekwa mapajani kumtuliza mtoto asiyetulia kitini, ni ya mtoto aliyepita miaka mitatu na aliye macho. Isilazwe kamwe juu ya mtoto mchanga wala juu ya mtoto aliyelala.

Nafasi ya nne na ya tano

Manyanga, kayamba na vifuu viwili vya kugonganisha vinashika nafasi ya nne. Vitikise karibu na sikio lako mwenyewe kabla ya kulipa, kisha upitishe kidole kwenye kingo zote kutafuta kibanzi. Chombo cha mbao kilichopigwa msasa na kupakwa mafuta ya nazi ni bora kuliko kilichopakwa rangi isiyojulikana, kwa kuwa baadhi ya rangi zina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Rangi ikitoka kwenye kitambaa chenye maji ukiisugua, kirudishe mezani.

Vibao vya mpira wa silikoni vyenye viputo vya kubonyeza ni vya tano. Havina kelele, huoshwa kwa sabuni, na hufaa sana safarini ndani ya boti ya kwenda Dar es Salaam au Pemba. Udhaifu wake ni kwamba mtoto huvizoea haraka. Kinuse kibao kwanza. Chenye harufu kali ya kemikali kiache.

Nafasi ya mwisho: vya taa na kelele

Sivikatai kabisa, kwani mtoto asiyechangamka haraka anaweza kuvutwa navyo kwa dakika chache. Lakini sauti yake aghalabu haina kitufe cha kuipunguza, na hewa ya chumvi hula vyuma vya betri mapema. Ukinunua, hakikisha mlango wa betri umefungwa kwa skrubu.

Kwa vyote vilivyotajwa, usimpe mtoto wa chini ya miaka mitatu kitu, au kipande kinachoweza kung'oka, ambacho hupita ndani ya bomba la karatasi za chooni, lenye upana wa sentimita 4 hivi. Macho ya midoli yavutwe kwa kucha palepale dukani, muuzaji akinuna na anune. Kamba isizidi shubiri moja.

Viko vitu vitatu ambavyo havistahili nafasi yoyote: vipira vidogo vya jeli vinavyofura vikitiwa majini, ambavyo huendelea kufura tumboni na kuziba utumbo; vijisumaku vyenye nguvu, ambavyo vikimezwa viwili au zaidi huvutana na kutoboa matumbo; na kitu chochote ambacho betri yake bapa ya duara inaweza kutoka. Betri hiyo ikikwama kooni huunguza nyama ndani ya saa mbili, kwa hiyo mtoto anayedhaniwa kuimeza apelekwe hospitali mara moja, ikiwezekana pamoja na kile kitu ilimotoka, wala asitapishwe wala kusubiriwa aende chooni.