Wakala wa kusimamia nyumba yangu ya Tabata baada ya mwaka mmoja

Kwa mwaka mmoja sasa wakala anasimamia nyumba yangu ya kupangisha iliyoko Tabata, Dar es Salaam, kwa ada ya asilimia 10 ya kodi. Katika mikataba na ukusanyaji wa kodi anastahili sifa, kwani awali dalali aliniletea mpangaji, akachukua kodi ya mwezi mmoja, kisha asionekane tena. Kasoro iko kwenye matengenezo: bomba la jikoni lilivuja wiki tatu hadi plasta ikabanduka. Tena hakuwaeleza wapangaji kwamba kodi ya majengo, inayokatwa kupitia LUKU (umeme wa kulipia kabla) tangu 2021, ni wajibu wa mwenye nyumba; mama mmoja alinionyesha risiti zake, nikamrudishia fedha zote. Nitaendelea na wakala huyu, ila kwa mkataba unaotaja muda wa ukarabati.