Zahanati za mpakani Mtwara: kadi kwanza au matibabu kwanza?
Tangu vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vianze 2017, watu wanavuka mto Ruvuma bila karatasi na ubishi hauishi. Kwa gharama, kudai kadi ya NIDA, yaani kitambulisho cha taifa cha Tanzania, kunashinda: dawa za zahanati ndogo huwahi kuisha. Kiutekelezaji kunayumba. Wamakonde wako kingo zote mbili, lugha ileile, na wapo wenyeji wasio na kadi. Mama kasimama dirishani, mtoto mgongoni anachemka homa. Nesi atamtambuaje mgeni? Kwa kinga, milango wazi inashinda, maana surua na kipindupindu havipiti uhamiaji. Anayesimamia bajeti ya dawa ana haki ya kutaka masharti kwa matibabu yanayoweza kusubiri. Kwa chanjo na uzazi, mimi nisingeuliza karatasi.