qBittorrent kwa intaneti ya nyumbani Dodoma: torenti ikivuta taratibu, tatizo liko wapi?

Mtu akishusha faili kwa torenti, yaani vipande vipande kutoka kompyuta za watu wengine, akiwa mtaa wa Kisasa au Nkuhungu, akaona inakwenda KiB 80 kwa sekunde huku kifurushi alicholipia ni Mbps 20, kwanza kabisa hubadilisha programu. Anatoka hii anaingia ile, na kasi inabaki palepale. Hapa tunaipima qBittorrent, programu ya kompyuta ya kushushia torenti, na hukumu tuitoe mapema: haiongezi kasi kwa miujiza. Kinachoipa thamani ni kwamba inakuonyesha mahali mtandao wako ulipoziba, na inakuonyesha bure. Anayejua kuisoma amepunguza nusu ya kazi ya fundi.

Ilianzishwa mwaka 2006 na Christophe Dumez. Msimbo wake ni wazi, haina matangazo, na kazi nzito ndani yake inafanywa na maktaba ya msimbo ya libtorrent ya Arvid Norberg. Hilo la matangazo si dogo: mwaka 2015 uTorrent, programu nyingine ya torenti, ililaumiwa sana kwa kuingia kwenye kompyuta za watu ikiwa imebeba Epic Scale, programu ya kuchimba sarafu za kidijitali. Ichukue qbittorrent.org tu, usiichukue kwenye fleshi ya rafiki, na iwe toleo 5.0.1 au la baada yake. Matoleo ya kabla ya hapo yalikuwa na kasoro ya miaka mingi: yalikuwa hayakagui vyeti vya usalama vya tovuti yanapochukua vitu mtandaoni.

Kabla ya kugusa chochote, piga hesabu. Kampuni ya mtandao inauza Mbps, yaani megabiti. Programu inaonyesha MiB, ambayo inakaribiana na megabaiti (MB). Gawa kwa 8. Mbps 20 ni MB 2.5 kwa sekunde, na ukitoa gharama za usafirishaji unabaki na 2.2 au 2.3. Faili ya Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ya karibu GB 6 itachukua kama dakika 45. Ukiona MiB 2.2 kwenye kifurushi hicho, huna ugonjwa. Funga kompyuta ukale.

Kipimo kizuri ni hiyohiyo Ubuntu, au Debian, mfumo mwingine wa aina hiyo, kwa torenti inayotolewa kwenye tovuti zao rasmi. Wanaoigawa ni wengi dunia nzima, na haigombani na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ambayo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, inaisimamia. Ikiwa Ubuntu inashuka vizuri na faili yako nyingine imekwama, acha rauta, tatizo ni faili. Tazama safu ya Seeds: ukiona 2 (3), maana yake wenye faili kamili wanaojulikana ni watatu na wewe umeunganishwa na wawili. Kisha fungua maelezo ya torenti uangalie Availability. Ikiwa chini ya 1, tuseme 0.94, hata mkijumlisha vipande vya wote mliounganishwa, faili haitimii. Itafika asilimia 94 na kusimama, na hakuna mpangilio wowote utakaoifikisha mwisho mpaka mwenye vipande vilivyokosekana arudi hewani.

Sasa shusha macho chini ya dirisha, kwenye mstari wa hali. Pale pana alama ndogo ambayo watu wengi hawaijui. Ikiwa ya kijani, watu wa nje wanaweza kukufikia. Ikiwa ya moto, wewe unaweza kuwafuata wengine lakini wao hawawezi kukugongea mlango. Ikiwa nyekundu, hujaunganishwa kabisa. Kwa Dodoma, hasa kwa wanaotumia rauta za laini ya simu, ya moto ndiyo inayotawala, na chanzo chake kinafaa kueleweka.

Ingia Options, ukurasa wa Connection, uandike namba ya poti, yaani mlango ambao programu inapokelea wanaoifuata. Chagua moja kati ya 49152 na 65535, uzikimbie zile za zamani za 6881 hadi 6889 ambazo zimezoea kubanwa. Kisha fungua ukurasa wa rauta, mara nyingi 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1, utafute anwani ya IP upande wa WAN, yaani wa nje. Linganisha na anwani unayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kupima IP. Zikifanana, mlango wa mtaani ni wako na kazi ni rahisi. Zisipofanana, na ile ya rauta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 mwanzoni, uko nyuma ya CGNAT: kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kama nyumba ya vyumba kumi yenye kengele moja ya getini. Anayebonyeza kengele hajui chumba chako, na kufungua poti kwenye rauta yako hakusaidii kitu. Ikianza na 10, mara nyingi ni hadithi hiyohiyo.

Ikianza na 192.168, ulizia kwanza nyumbani mwako. Wengi wamefungiwa kisanduku cha faiba na kampuni, halafu wakanunua rauta nyingine mjini ili Wi-Fi ifike chumba cha nyuma. Hapo una rauta mbili zinazofuatana, na poti inafunguka kwenye ya pili huku ya kwanza imefunga. Igeuze ya pili iwe kisambazaji tu: ipe anwani iliyo kwenye mtandao wa ya kwanza lakini isiyotumiwa na kifaa kingine, zima DHCP yake (ugawaji wa anwani kwa vifaa), kisha chomeka waya unaotoka kisanduku cha faiba kwenye tundu la LAN badala ya WAN.

Kwa aliye na anwani halisi ya nje, washa UPnP, inayofungua poti yenyewe, kwenye rauta na kwenye programu, uangalie kama moto unazimika. Usipozimika, fungua poti kwa mkono, kwa njia zote mbili za kusafirisha data, TCP na UDP, ielekee kwenye anwani ya kompyuta yako. Hapa kuna kosa linalorudiarudia: umeme unakatika, unarudi, vifaa vyote vinaomba anwani upya, na ile anwani uliyoifungulia poti sasa anayo mtu mwingine, simu ya mgeni au televisheni. Ifungie kompyuta anwani moja ya kudumu kwenye orodha ya DHCP ya rauta. Halafu hakikisha Windows haijauweka mtandao wa nyumbani kwenye kundi la mitandao ya umma, kwa sababu kinga yake inaweza kuzuia wanaoingia hata rauta ikiwa wazi.

Aliyeko nyuma ya CGNAT ana njia chache. Aulize kampuni kama inauza anwani ya IP ya umma; zinazouza hutoza nyongeza ya kila mwezi au huiweka kwenye vifurushi vya ofisi. Aangalie kama laini yake inapewa IPv6, mfumo mpya wa anwani, maana huko CGNAT haina kazi. Vinginevyo avumilie, na kuvumilia si kubaya kama inavyosemwa. Kwenye torenti yenye wagawaji mia, alama ya moto haikuzuii kujaza laini, kwa kuwa wewe ndiye unayewafuata. Inauma pale wagawaji wanapokuwa watatu na wawili kati yao nao wamefungiwa kama wewe. qBittorrent ina mbinu ya kuwakutanisha kupitia mwenzao wa tatu aliye wazi, lakini usiiwekee dhamana.

Kwenye orodha ya wenzako, yaani uliounganishwa nao, kuna safu ya Flags ambayo inafaa kuzoeleka. Herufi I ni mtu aliyekufuata mwenyewe. Ukiiona hata mara moja, poti yako inafikika. Herufi d ndogo ni kwamba unamtaka lakini hajakufungulia. P ni muunganisho wa µTP, njia mojawapo ya kusafirisha torenti, na S ni mtu aliyekufungulia kisha akanyamaza. Ukurasa uliojaa d tupu unakuambia huna unachowapa, na hapo tunaingia kwenye jambo lenye nafuu kubwa kuliko yote.

Mpangilio wa kupandisha, yaani kuwatumia wengine. qBittorrent inakuja bila kikomo cha kupandisha, na kwa mazingira yetu hili ndilo kosa lake kubwa. Kila kipande unachoshusha kinahitaji risiti ndogo irudi kwa aliyetuma. Njia ya kupandisha ikijaa, risiti zinakaa foleni, mtumaji anadhani mambo yameharibika, anapunguza mwendo. Laini nyingi za nyumbani zina njia nyembamba ya kwenda juu, na rauta za laini ndiyo zaidi. Pima kasi ya kupandisha kwa waya, programu ikiwa imezimwa, kisha weka asilimia 70 hadi 80 ya ulichopata. Mbps 4 ni kama KB 500 kwa sekunde, kwa hiyo andika 350 au 400 kwenye ukurasa wa Speed. Usiandike 0, kwa programu hii 0 ni bila kikomo. Wala usiandike 5 kwa ubahili: torenti ni nipe nikupe, na asiyetoa hufunguliwa mwisho.

Mwenye bando la GB akumbuke kwamba kupandisha nako kunakatwa. Faili ya GB 6 ukiishusha na kuirudisha kwa wengine kwa uwiano wa 1, zimeondoka GB 12. Kikomo cha uwiano kipo kwenye ukurasa wa BitTorrent.

µTP ina tabia ya kujipunguza yenyewe inapoona ucheleweshaji umepanda, ikilenga milisekunde 100. Kwenye faiba tulivu ni ustaarabu. Kwenye 4G, ambako ucheleweshaji hurukaruka wenyewe jioni, inaweza kurudi nyuma bila sababu. Jaribu kuchagua TCP peke yake kwa nusu saa, na Ubuntu ileile, ulinganishe.

Idadi ya miunganisho inakuja 500 kwa jumla na 100 kwa kila torenti. Rauta ndogo za bei nafuu hazibebi hayo. Dalili yake: dakika chache baada ya kuanza, simu za nyumba nzima zinagoma kufungua WhatsApp, na rauta mpaka izimwe iwashwe. Shusha hadi 200 na 60. Kuongeza hadi 2000, kama video nyingi zinavyofundisha, ni kuiua rauta kwa mkono wako.

Wi-Fi tuipite haraka. Hosteli za kuzunguka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) zina rauta zinazopigana kwenye 2.4 GHz, chagua chaneli 1, 6 au 11, au hamia 5 GHz. Vizuri zaidi tumia waya, na ukague kasi ya kiungo kwenye Windows: ikiandika 100 Mbps wakati rauta na kompyuta zote ni za gigabiti, waya una nyuzi mbovu au kichwa kimebanwa vibaya.

Fleshi nayo hujificha. Kasi ikipanda na kuporomoka kama mawimbi, MiB 3 kisha sifuri, kisha 3 tena, mara nyingi diski ndiyo imeshindwa kuandika. Shusha kwenye diski ya ndani, nakili kwenye fleshi baadaye. Fleshi yenye umbizo la FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4, hivyo iwe exFAT au NTFS. Na umeme ukikatika katikati, bofya torenti kwa kitufe cha kulia uchague Force recheck kabla ya kuendelea.

Je, kampuni inabana torenti? Ishushe Ubuntu kwa njia ya kawaida ya kivinjari. Kivinjari kikijaza laini na torenti yenye wagawaji wengi ikabaki chini sana hata baada ya yote hapo juu, una haki ya kushuku. Weka usimbaji fiche uwe wa lazima, ujaribu tena. Ukiona hakuna tofauti, urudishe ulivyokuwa, maana unawapunguza wenzako bure. Kukimbilia VPN, yaani kupitisha mtandao wako kwenye kompyuta za kampuni nyingine, kuna mambo mawili. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo Oktoba 2023 likiwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Na VPN isiyofungua poti haikuondolei alama ya moto. Mullvad, kampuni ya VPN iliyokuwa ikisifiwa kwa hilo, iliiondoa huduma hiyo mwaka huohuo wa 2023.

Kuna siku ambazo hakuna cha kurekebisha. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, kila kinachotoka nje ya nchi kilisuasua, na kuhangaika na mipangilio siku kama ile ni kupoteza jioni.

Kwa msongamano wa kila siku, tumia ratiba iliyo kwenye ukurasa wa Speed. Wengi huikosea mara mbili. Kwanza, saa za kompyuta si saa zetu: saa 6 usiku ni 00:00 na saa 12 asubuhi ni 06:00. Pili, ratiba inawasha vikomo mbadala, yaani vile vya kubana, ndani ya muda unaouandika. Ukitaka torenti ikimbie usiku, andika 06:00 hadi 00:00, na mchana weka kitu kama KiB 300 kushusha na 50 kupandisha, wa nyumbani waangalie video zao.

Tunayoyalalamikia mengine ni madogo: haina Kiswahili, haina programu rasmi ya simu, na sehemu yake ya kutafutia inadai Python, lugha ya kuandikia programu, iwekwe kwanza. Hiyo ya mwisho unaweza kuishi bila hiyo. Viungo vya Debian na Ubuntu viko kwenye tovuti zao wenyewe.