Konsaltanti wa tathmini ya wafanyakazi: kazi safi, programu yao hapana (nyota 3)

Kuna wadau wameniuliza hawa konsaltanti tuliowaita watutengenezee mfumo wa tathmini wakoje, jina nawapa inboksi, hapa naongelea kazi tu. Sisi tunasambaza sabuni na vinywaji kwa jumla hapa Dar, na fomu yetu ya zamani ilikuwa ile ya kila Desemba, nidhamu, unadhifu, kuwahi kazini, bosi anatiki, mtu anasaini, anarudi kupakia mzigo. Watu wa seles wanapimwa kwa katoni. Wakati huo huo bosi analia hela yote iko mtaani, na yule aliyekopesha maduka ovyo kuliko wote ndo kaongoza kwa maksi na bonasi kabeba yeye!

Hapo ndo jamaa walinikosha. Hawakuja na fomu, walianza kumbana bosi, mwaka huu unataka nini, kufungua maeneo mapya au kukusanya madeni, akasema madeni, basi kila kitu kikashukia hapo: seles anapimwa kwa hela iliyoingia sio mzigo uliotoka, wa stoo anapimwa kwa oda iliyotimia (duka likiletewa pungufu si limeshapata sababu ya kutolipa), mhasibu kwa kutumia maduka stetimenti za madeni yao mapema. Msingi wake ni ule mfumo wa Kaplan na Norton wa 1992 unaoitwa Balanced Scorecard, unaopima kampuni kwa pande nne, fedha, wateja, shughuli za ndani na kujifunza, ila wameulainisha mpaka dereva anauelewa. Madeni yameshuka, japo sio tathmini peke yake, tulibana pia kukopesha.

Sasa kero. Walitaka tuwapange watu kwa mafungu, asilimia 20 bora, 70 wa kati, 10 wa kuondoka, mambo ya Jack Welch alipokuwa bosi wa General Electric kule Marekani. Aisee idara ina watu watano, hiyo 10 ni mguu wa nani? Na Microsoft wenyewe waliachana na kupanga watu kwa mafungu 2013 baada ya wafanyakazi kulalamika wanashindana wao kwa wao badala ya kushindana na makampuni mengine. Tukagoma.

Programu yao ndo usiseme, kwenye simu inaganda, inakula bando, na unalipia kila mwezi kwa kila kichwa hadi mlinzi. Tumerudi eksel na mambo yanaenda. Ukiwaita lipia vile vikao vya mwanzo na bosi awepo mwenyewe, asitume HR, hiyo programu wakikuletea mkataba usisaini.