Gunia au tuta: sukuma wiki ya nyumbani ipandwe wapi?

Kwa gharama, tuta linashinda: jembe, samadi iliyooza vizuri na mbegu vinatosha. Gunia linadai pia udongo wa kubeba, na mawe ya kupanga katikati ili maji yafike chini. Mawe hayo msiyadharau. Yakikosekana, juu kunaloa huku miche iliyopandwa kwenye matundu ya ubavuni ikikauka.

Maji ndiyo mtihani mkubwa. Gunia hukauka upesi, na wakati wa kiangazi hutaka kumwagiliwa karibu kila siku, ingawa maji ya kuoshea mboga hulisaidia. Tuta lililotandazwa nyasi kavu huvumilia zaidi. Kwa nafasi, gunia halina mpinzani: miche 30 hivi hukaa mahali pa kuweka kiti, ndiyo maana limependwa sana Kibera, mtaa wa Nairobi uliosongamana.

Vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani, hawachagui gunia wala tuta. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa husaidia kote.

Gunia la plastiki huchakaa kwa jua. Tuta huzidi kunona kila ukiongeza mboji. Mpangaji anayeweza kuhama, namshauri gunia. Mwenye kiwanja chake aanze na tuta, ila kama kuku wanazurura na hana uzio, magunia kwanza.